Ghala Namba Nne

Shuka la tatu lilikuwa na funza. Kunguru walikuwa wameangusha utumbo wa kuku juu ya kamba ya kuanikia, na utumbo ulikuwa umeoza kiasi kwamba ulipopasuka ulimwaga maji ya kijani kutoka pindo la juu mpaka la chini. Dobi aliwabandua funza mmoja mmoja kwa kijiti, akawaponda kwa kisigino cha ndala, akalirudisha shuka kwenye beseni. Lilikuwa la nyumba ya wageni ya barabarani. Mwenye nyumba hiyo alikuwa ameshamwambia, kwa upole wa mtu anayeaga, kwamba safari hii akilikuta linanuka atatafuta mtu mwingine.

Taabu ni kwamba Dobi mwenyewe hakuweza tena kujua kitu kikinuka. Pua yake ilikuwa imekata tamaa zamani. Alikuwa akifua, anasuuza, anafua tena, kisha anakisia tu.

Dampo lilianzia ng'ambo ya kichochoro, baada ya kiwanja kitupu. Lilikuwa refu kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule, na ubavu wake uliotazama kwake ulikuwa umejaa nepi zilizovimba, mifuko iliyokuwa ikitoa povu, vichwa vya samaki, magodoro yaliyolowa, bandeji za hospitali zenye madoa meusi. Chini ya ubavu huo yalikuwa yakichuruzika maji mazito meusi ambayo vibarua wa dampo waliyaita mchuzi. Marehemu mume wake alipojenga nyumba ile, dampo lilikuwa shimo nyuma ya kilima. Ili ulione ilibidi upande juu ya paa. Mwaka hadi mwaka lilijaa, likafurika, likateremka kilima, likaja lenyewe mpaka mlangoni, wala hakuna aliyelikaribisha.

Asubuhi hiyohiyo ndipo alipokuja afisa wa ofisi ya taka ya wilaya. Mtaani walimwita Futikamba, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila futikamba yake ya mita hamsini iliyokuwa ndani ya kifuko cha ngozi. Kibarua mmoja alishika ncha moja kwenye ukingo wa taka, yeye akaja akiivuta mpaka kwenye kizingiti. Walipima mara mbili, kwa kuwa kamba haikutosha kwa mara moja.

"Themanini na mbili," alisema, akaandika. Kisha akauliza ndani mnalala watu wangapi.

"Wawili. Mimi na mama mkwe wangu."

Hilo hakuliandika.

Alivuta ndoo, akaifuta kwa kitambaa, akaketi, akaeleza. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema kuna kanuni mpya, na kila ofisi ya taka ya wilaya itakaguliwa na watu kutoka makao makuu. Ofisi itakayokutwa na dosari kubwa itanyang'anywa kibali. Na dosari kubwa kuliko zote ni makazi ya watu ndani ya mita mia tatu kutoka ukingo wa taka.

"Basi lirudisheni nyuma," Dobi alisema.

"Lirudi wapi, dada? Mlima ule?"

"Sisi tulikuwa hapa kabla halijafika."

"Kanuni haiulizi nani alitangulia. Inauliza mita."

Dobi alimuuliza hiyo kanuni iliwekwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya watu wanaokaa karibu na uchafu. Futikamba akakubali kwa kichwa. Alisema ni kweli kabisa, iliwekwa kwa ajili yao, na ndiyo maana haiwezekani wakaonekana hapo. Zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ni tingatinga, wiki ijayo, na nyumba zote kumi na moja za kichochoro zingesawazishwa kwa siku moja. Ya pili ilikuwa karatasi, nayo akaitoa kwenye faili. Iliandikwa kwamba mwenye jengo anathibitisha kuwa jengo lake ni ghala la vifaa na halikaliwi na mtu.

"Ni karatasi tu," alisema. "Mkaguzi anakuja, anaondoka, mnaendelea na maisha yenu. Wenzako saba wameshatia saini."

Dobi aliomba asubiri mpaka kesho. Futikamba alitazama saa yake, kisha akatazama tope jeusi lililokuwa limeanza kupanda kwenye ubavu wa kiatu chake. Akasema kesho tingatinga litakuwa limeshapangiwa ratiba. Dobi akafuta povu mikononi, akatia saini. Herufi zilipinda, na kidole kiliacha alama ya maji kwenye neno *halikaliwi*.

Siku iliyofuata wakaja na kopo la rangi. Mlango wake wa buluu waliuandika kwa herufi nyeupe: GHALA NA. 4.

Mama mkwe alitaka asomewe. Alikuwa kitandani muda mrefu. Miguu ilikuwa imemgomea na kifua kilikuwa kimefuata. Ulimi ndio uliobaki mzima. Alisomewa, akasema, "Mume wangu alinioa, mwanangu akanijengea, sasa wilaya imenihifadhi ghalani. Nani ametunzwa kama mimi?"

Wakacheka wote wawili mpaka kikohozi kikamkamata, na Dobi akamshikia bakuli.

Mvua zilipoanza, mchuzi wa dampo uliingia kwenye kisima cha uani kwa Dobi. Kwanza maji yalikuwa na rangi ya chai, kisha yakawa na utando wa mafuta juu, na ukiyaacha kwenye ndoo usiku kucha asubuhi unakuta yameweka ute wa kahawia unaovutika kwa kidole kama kamasi. Mashati ya shule aliyopewa kufua yalitoka na manjano ya kwapa la mzee. Nyumba ya wageni ilikwenda. Shule ikafuata. Akabaki na ovaroli za gereji, ambazo mwenye gereji hakujali rangi.

Alijaza chupa moja ya maji yale akaenda nayo ofisi ya taka ya wilaya. Ilikuwa ofisi safi, yenye vigae vinavyong'aa na ua la plastiki mezani. Karani alikuwa binti mwenye adabu, akamkaribisha kiti. Dobi alipoifungua chupa ili amwonyeshe, binti alijiziba pua kwa pindo la mtandio na kumwomba aifunge mara moja, hapo ni ofisini. Kisha akageukia kompyuta.

"Kisima kiko wapi, dada?"

"Uani kwangu. Kichochoroni, chini ya dampo."

"Namba ya jengo?"

"Nne."

Karani alibofya, akasoma, akakunja uso kama mtu anayetafuta namna ya kusaidia. Kisha akauzungusha uso wa kompyuta ili Dobi ajionee mwenyewe, saini yake na alama ya kidole chenye maji.

"Nne ni ghala," alisema. "Ghala halinywi maji, dada."

Hakusema kwa dhihaka. Alieleza kwamba fomu ya kulalamikia maji ya kunywa haifunguki bila namba ya makazi, na ndani ya mita mia tatu hakuna namba ya makazi hata moja. Kama angependa, angeweza kujaza fomu ya mwenye ghala, lakini hiyo ni ya wizi na moto. Alipomsindikiza mlangoni alimwomba asiimwage ile chupa kwenye bustani ya mbele, maana wamepanda nyasi juzi.

Zahanati nayo haikuwa na la zaidi. Tabibu alimsikiliza mama mkwe kifua, akauliza wanakaa wapi, akaambiwa. Akaandika vidonge, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba mgonjwa ahamishwe mbali na harufu. Dobi aliitunza ile karatasi chini ya godoro. Mtu wa kuhamia kwake hakuwapo.

Wiki ya ukaguzi dampo lilipendezeshwa. Malori yalimwaga udongo mwekundu kwenye ubavu wote ulioonekana kutoka barabarani, vibarua wakaupigapiga kwa majembe ukawa laini kama kaburi jipya, na mtu mwenye pampu mgongoni akapita akinyunyizia dawa yenye harufu ya ndimu. Mchuzi ulichimbiwa mtaro wa haraka ukaelekezwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgeni hafiki.

Futikamba alipita mlango kwa mlango kuwaambia watu watoke alfajiri ya siku yenyewe, wabebe matandiko na masufuria, warudi alasiri. Nyumba kumi zilikubali. Dobi alimwambia kwamba mama mkwe hawezi kutembea hata mpaka chooni.

"Mbebe."

"Nimbebe nimpeleke wapi tangu alfajiri hadi alasiri, na jua hili? Leteni gari."

Futikamba alisema gari la ofisi limepangiwa mgeni. Alisimama akiuma mdomo. Kwa mara ya kwanza Dobi aliona kwamba naye ana hofu, na hofu ile haikumfanya amwonee huruma. Mwishowe Futikamba akatoa wazo: wabaki ndani, wanyamaze, yeye afunge mlango kwa nje kwa kufuli la ofisi, kama maghala mengine. Saa mbili tu tangu mgeni afike. Mgeni akishapita, anakuja kuwafungulia yeye mwenyewe.

"Na akikohoa?"

"Asikohoe, dada."

Basi siku hiyo ilipofika walifungiwa kungali na kiza. Dirisha lilizibwa kwa boksi kutoka nje. Jua lilipopanda, bati likaanza kulia, na joto likaukamua uvundo wa mtaro uliopita nyuma ya ukuta mpaka hata Dobi, aliyedhani pua yake imekufa, akausikia tena. Ulikuwa kama mdomo wa mzoga uliofunguliwa karibu na uso wake. Alitapika kwenye beseni la kufulia, kimya, akiwa amepiga magoti. Inzi wakalijua beseni kabla hajasimama.

Mama mkwe alimtazama. "Nipe maji," alinong'ona.

Alimpa yaliyokuwapo.

Saa tatu na nusu wakasikia viatu. Sauti ya Futikamba ilitangulia, nyembamba kuliko siku zote, ikitaja namba: moja, mbili, tatu, vifaa vya ujenzi, majembe, saruji. Pamoja naye palikuwa na sauti ya mwanamke, ya taratibu, ya mtu aliyezoea maneno yake kuandikwa. Viatu vikafika. Kwenye mwanya chini ya mlango Dobi aliona buti mbili mpya za mpira, safi, zikisimama.

"Na humu?"

"Namba nne. Vifaa pia."

Kikohozi cha mama mkwe hakikuanza kwa sauti. Kilianza mabegani. Dobi alikiona kinakuja, akarukia kitanda, akakunja ovaroli iliyokuwa karibu, akaikandamiza kwenye mdomo wa yule aliyemzaa mume wake. Mwili mwembamba ulipiga mateke chini ya mikono yake. Macho ya mama mkwe yalimtoka, yakamtazama bila hasira, yakishangaa tu, na mikono iliyomkanda mara zote mbili alipozaa ikamshika viganja, haijulikani kama ni kumzuia au kumsaidia. Ovaroli ilinuka mafuta ya gari. Bado mlio mmoja uliponyoka, mrefu, wenye makohozi.

Buti hazikusogea.

"Ni nini hicho?" sauti ya mwanamke iliuliza.

Futikamba alichelewa kujibu. Katika kuchelewa kule Dobi akajikuta anatamani jambo ambalo hakuwa amelitarajia: alitamani yule mwanamke aseme mlango ufunguliwe.

"Panya," Futikamba alisema.

Buti zilikaa pale. Dobi aliweza kuona tone la tope kwenye ncha ya mojawapo, na jinsi ncha ile ilivyoinuka kidogo kama mtu anayeinama kusikiliza vizuri. Mle ndani mwili wa mama mkwe ulikuwa ukitetemeka, ukakoroma mara moja zaidi, koromo ambalo panya yeyote duniani hajawahi kulitoa.

"Wakubwa," mwanamke alisema hatimaye.

"Wakubwa sana, bosi. Ni jirani na dampo, unajua tena."

"Naandika dosari ndogo. Panya ghalani. Mnawekea sumu leo, mnaleta uthibitisho kabla sijaondoka. Vingine vyote viko sawa." Karatasi ilifunuliwa. "Mita mia tatu mmejitahidi."

Buti zikaondoka.

Dobi alitoa ovaroli. Mama mkwe alivuta hewa kwa mlio wa kamba kavu kwenye kapi la kisima, akavuta tena, midomo ikiwa na rangi ya majivu. Dobi alimwinua akamwegemeza kifuani pake, akamfuta, akaanza kumwomba radhi, kisha akaacha, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

Saa mbili zilipita. Zikawa nne. Gari la mgeni halikuwa limeondoka. Upepo ulipogeuka walisikia vijiko na vicheko kutoka ofisi ya dampo, huko kwenye harufu ya ndimu. Jua lilikuwa juu ya bati lote sasa.

Ndipo zikaja hatua, za mtu mmoja, na kitu kikagusa mlango. Dobi alimlaza mama mkwe, akaenda kusimama karibu na kufuli.

"Fungua," alisema. "Fungua, huyu mama anakufa."

Ikajibu sauti ya kibarua, ile aliyoijua, ya mtu aliyeshika ncha ya pili ya futikamba.

"Ufunguo sina, dada. Anao mwenyewe, yuko mezani na mgeni."

"Kamwite."

"Nikishamaliza huku. Nimeambiwa kwanza hii, wapige picha."

Kwenye mwanya chini ya mlango kikaingia kipakiti cha karatasi, kikisukumwa na mkono uliovaa glavu. Kilikuwa na punje za rangi ya waridi, sumu ya panya. Kamera ya simu ikalia nje. Kikaingia cha pili.

Dobi alipiga magoti akavisukuma kwa mkono virudi vilikotoka. Kibarua akavirudisha ndani, polepole, kwa uangalifu, asije akavichana.

"Viache tu, dada," alinong'ona kwenye mwanya, mdomo wake karibu na sakafu. "Vinatakiwa vionekane vitatu."

Akasukuma cha tatu.