Ua la Miiba Kwenye Kiti cha Desmond

Katika Jumba la Addlecote, nyumba ya kale huko Uingereza iliyo wazi kwa watalii, hakuna kibao kinachomkataza mgeni kukaa. Maneno ya namna hiyo ni makali mno kwa mtu aliyelipa kiingilio na kuja kwenye mvua yote ile. Badala yake, juu ya kila kiti cha kale huwekwa ua kavu la miiba, lile refu linaloota kando ya mitaro, na mwenye adabu zake huelewa. Asiye na adabu hukaa, na hapo huelewa zaidi.

Maureen Tuckett na mumewe Desmond walijitolea miaka mingi kuwapokea wageni katika maktaba ya jumba hilo. Desmond ndiye aliyekuwa akiyachuma maua hayo, akiyakausha bandani kwake, na kuyapanga vitini kila asubuhi. Hakuna aliyeyaheshimu kama yeye. Goti lake lilikuwa bovu, lakini alisimama kutwa nzima pembeni mwa kiti kitupu, akiegemea mguu huu kisha ule, mbao za sakafu zikilia chini yake. Maureen alikuwa akimtania kwamba siku moja atakufa wima.

Alikufa kitandani, mwezi wa Machi. Siku ya mazishi watu walijaa nyumbani kula mikate na kunywa chai, na shemeji mmoja, bonge la mtu, akaenda kujibwaga kwenye kiti cha marehemu karibu na moto. Maureen alimeza hasira yake kama wafanyavyo watu wa kwao. Lakini wageni walipoondoka tu, alikwenda bandani, akachukua ua moja la miiba, akaliweka juu ya kiti kile. Tangu hapo hakuna aliyekikalia.

Majani yalipoanza kupukutika, mambo yakaanza. Kila jioni, wakati wa chai, mbao za nyuma ya kile kiti zililia. Kimya kidogo, kisha zikalia tena, hatua moja pembeni. Fundi aliitwa, akagongagonga, akasema sakafu ni nzima kabisa. Maureen alizijua sauti zile, na ndiyo maana aliogopa. Kama ni Desmond, kwa nini asimame vile, bila neno, kama mtu aliyekasirika? Alijiuliza amemkosea nini. Akawa anakunywa chai yake jikoni, koti mwilini, mlango ameufunga.

Binti yake Gillian aliisikia hofu katika sauti yake kwenye simu, akamwambia nyumba iuzwe, ahamie kwake Bristol, chumba kipo. Maureen aliahidi kumjibu Jumapili jioni. Nyumba ile ndiyo aliyoingia akiwa bibi harusi. Kuiacha kulimuuma, na kumkimbia mume ambaye yeye mwenyewe alimlilia sana kulimtia aibu, lakini hofu ilikuwa imemshinda.

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla jumba halijafungwa kwa majira ya baridi. Alikuwa hajapata usingizi, akapanga maua ya miiba vitini bila kuangalia vizuri. Mchana akaingia mzee mmoja mwenye fimbo, akasimama karibu na dirisha. Alisimama muda mrefu, akiegemea mguu huu kisha ule, uso umemkunjamana kwa maumivu. Pembeni yake palikuwa na kiti cha kawaida, kilichowekwa makusudi kwa wageni waliochoka.

"Kaa basi, bwana," Maureen alimwambia. "Kiti hicho ni chenu."

"Ningekaa tangu nilipoingia, bibie," mzee akajibu. "Lakini mmeniwekea ua. Mtu akiwekewa ua, afanye nini? Anasimama tu."

Maureen akatazama. Kweli, ua lilikuwepo, ameliweka mwenyewe kwa mkono wake. Akaliondoa huku akiomba radhi, na mzee akaketi, akashusha pumzi ndefu ya kushukuru. Maureen akabaki na ua mkononi, akizikumbuka mbao za sebuleni kwake. Alisahau hata kumweleza mzee habari za vitabu.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaanza kuingia. Hakwenda jikoni. Alifungua mlango wa sebule, akasimama kizingitini, na mbao zikalia nyuma ya kile kiti. Akaingia, akawasha moto.

"Des," alisema, "mjinga ni mimi. Niliwawekea wengine. Wewe sikukuwekea."

Akalichukua lile ua kutoka kitini, miiba ikimchoma vidole, akalitupa motoni.

"Haya, kaa, mpenzi wangu. Umesimama vya kutosha."

Moto ukalitafuna ua. Kisha mto wa kiti ukabonyea polepole, upande mmoja kwanza, kama anavyoketi mtu mwenye goti bovu, na vyuma vya ndani vikatoa ule mlio wake wa zamani. Sakafu ikanyamaza. Maureen akaanza kulia, na hofu yote ikamtoka pamoja na machozi. Akavua koti, akavuta kiti chake karibu.

Simu ikaita.

"Huyo ni Gillian," alikiambia kile kiti, akijifuta uso. "Ngoja nimwambie hatuhami."