Mstari wa Patasi

Fundi seremala alilifungua taulo akaiweka randa ya marehemu baba yake mezani kwa mjomba wake, mnoaji misumeno ambaye mtaa mzima ulimwita Tupa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita mpelelezi angekuja kuichukua.

"Mbona unatweta, mama? Umefukuzwa na mbwa?"

"Mjomba, niangalizie ni ya lini, na ilimtokaje mwenye nayo wa kwanza."

Juma lililopita, wachimba msingi walikuta mifupa ya mtu chini ya sakafu ya karakana ambamo baba yake alijifunzia kazi. Mwenye karakana alikuwa ametoweka miaka arobaini na tatu iliyopita, ikasemwa amesafiri. Baba alizoea kusimulia kwamba bwana huyo, siku ya kuondoka, alimkabidhi randa hii kwa mkono wake.

Mafundi wa karakana ile walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja aligonga muhuri wake mgongoni mwa randa, mbele ya tundu. Akimpa mwenzake, aliukata muhuri kwa pigo moja la patasi yake mwenyewe, mpokeaji akishuhudia. Muhuri usiokatwa, chombo kikiwa kwa mtu mwingine, ulikuwa na maana moja: kimeibwa.

Tupa aliigeuza randa mwangani. "Kishikio kimechongwa pamoja na mwili. Hii haipungui miaka themanini. Lakini mgongo umepigwa msasa juzijuzi. Nani mwenye akili hizi?"

"Mimi. Nilitaka ing'ae pale rafuni. Niliona michubuko tu, sikuitazama."

"Fundi mzima! Umemnyoa mzee ndevu, sasa unamtafuta kwa ndevu."

Fundi alipapasa upesi mgongo wa randa akitafuta alama.

"Tulia," Tupa alisema. "Muhuri unafutika, kipigo hakifutiki. Nyuzi za mbao zilizogongwa zimelala zimebanwa. Zikinywa maji ya moto, zinainuka."

Alitandaza kitambaa kibichi mgongoni mwa randa, akakandamiza pasi ya moto. Mvuke ulifoka. Alifanya hivyo mara tatu. Kitambaa kilipoondolewa, herufi mbili zilikuwa zimevimba juu ya mbao, zile za bwana wa karakana. Fundi aliinama juu ya meza. Hakuona mstari.

"Ongeza, mjomba."

Mara ya nne, mstari ulijitokeza: mwembamba, ulionyooka, umezikata herufi zote mbili. Fundi aliketi juu ya kasha la misumeno akafunika uso kwa viganja. Alipewa. Baba hakusema uongo.

Tupa, kwa mazoea tu, aliweka rula juu ya mstari. "Thelathini na saba. Ajabu. Patasi za milimita thelathini na nane zipo tele. Hii ya thelathini na saba sijawahi kuiona dukani."

Fundi alifungua mkoba wake wa kazi polepole, akatoa patasi pana aliyoitumia kila siku. Ubavu wake mmoja ulikuwa umesagwa, upana ukapungua kidogo. Kila mgeni wa nyumbani alisimuliwa kwa nini: baba aliinunua mpya na kuisaga ili ipenye kwenye matundu ya kitanda cha mtoto, juma alilozaliwa binti yake. Binti huyo ndiye fundi mwenyewe, sasa mwenye miaka arobaini na mmoja.

Aliisimamisha patasi juu ya mstari. Ilikaa mwanzo hadi mwisho, haukubaki hata unywele.

"Hii ilisagwa miaka miwili baada ya bwana kutoweka. Baba aliukata muhuri mwenyewe," alisema.

"Hiyo haisemi kwamba aliua."

"Inasema kwamba alidanganya."

Nje gari lilisimama. Mlango wake ulifunguliwa, ukafungwa. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro robo.

Tupa alishusha sauti. "Msasa huo hapo. Dakika mbili tu, nami sijaona kitu. Alikuwa shemeji yangu."

Fundi aliutazama msasa. Mkono wake ulienda, ukaugusa, ukarudi.

"Mara ya kwanza nilifuta bila kujua, mjomba."

Hatua zilikuwa zimefika kizingitini. Aliilaza patasi kando ya randa, akaokota penseli, na juu ya kipande cha mbao akaandika kipimo cha kumpa mpelelezi: thelathini na saba, kwa tarakimu. Saba ilifanana na moja. Akaikata, akaiandika upya.