Msalaba Uliolala

Ernán alifika mbio, viatu vimebaki matopeni, akajitupa juu ya jiwe nililokuwa nikilichonga na kulikumbatia. Alikuwa amemuua mpwa wa Dunchad, mzee wa ukoo jirani, katika ugomvi wa ng'ombe. Kwetu, anayeingia ndani ya misalaba ya mpaka wa monasteri haguswi mpaka kesi yake isikilizwe.

Ila msalaba wa upande huo, jiwe hilo hilo alilolikumbatia, ulikuwa bado umelala kwenye magogo. Mbele nilishamaliza: Danieli na simba wake, na nyuzi za mawe zinazopitana juu na chini bila mwisho. Nyuma palikuwa patupu.

Dunchad akaja na wanawe, mikuki mkononi. Akamsalimu abate, mkuu wa monasteri yetu, kwa heshima, kisha akasema msalaba uliolala ni jiwe tu, haulindi mtu. Abate Colcu hakumbishia. Ndivyo sheria ilivyo.

Nikawaita watawa washike kamba tuusimamishe msalaba. Abate akachukua mtaimbo aongoze jiwe kwenye shimo lake, huku akininong'oneza kwamba watu hawatoshi. Nilijua. Nikamtupia Ernán kamba ya kulia.

"Vuta, mjinga wewe, kama unataka kuishi."

Jiwe likanyanyuka. Lilipofika nusu, wana wa Dunchad wakamkamata Ernán mabegani.

"Mtoeni," nikawaambia, "halafu mshike nyinyi. Akiachia, mnamzika abate."

Dunchad akawaita kama mtu anavyoita mbwa. Wakarudi hatua moja tu, wakisubiri. Kamba ya Ernán ilianza kuteleza kwa damu ya viganja vyake. Ulimi wa jiwe, ile ncha ya chini ya kuingia shimoni, ukagonga ukingo wa shimo, ukakataa kuingia. Nikausukuma kwa bega. Kona ikamegeka, simba mmoja akapoteza miguu, na msalaba ukatumbukia wima kwa kishindo.

Ernán akaachia kamba na kuanguka. Mwana mmoja wa Dunchad akainua mkuki juu yake.

Dunchad akaudaka. Akauzunguka msalaba polepole, akiupapasa.

"Fundi, huku nyuma hakuna kitu."

"Nitachonga, mzee."

"Umeharibu kazi kwa ajili ya muuaji."

"Nimeharibu simba."

Dunchad akainama, akaitazama miguu ya simba iliyomegeka. Hatimaye akasema kesi itasikilizwa, ila Ernán akitoa hata kidole nje ya mpaka, ni wake. Akatandika joho lake majanini, nje kidogo ya msalaba, akaketi kumngoja.

Nikaokota tindo langu, nikaanza kuchonga upande wa nyuma, Dunchad akinitazama mikono.