Kitanda cha Chuma Nje ya Geti

Siku aliyorudi kutoka kumuuguza dada yake, mama mkwe alifika mpaka getini kwake, akachungulia ndani, kisha akarudi nyuma na kujibanza ukutani kama mwizi wa kuku. Hakupiga hodi, hakukohoa. Mkoba wake akautupa vumbini, yeye ambaye mkoba ule hauweki hata kwenye kiti mpaka akipanguse kwanza.

Mama Kibonge, mke wa mwanawe, alimwona vizuri. Alikuwa amesimama barazani na brashi mkononi, maji ya sabuni yakimchuruzika mpaka viwikoni, na tabasamu la kumpokea mkubwa lilikuwa limeshaanza kumtoka. Likamkaukia mdomoni.

"Haya tena," akajisemea. "Kashanuna. Hata mguu hajaingiza."

Ilimuuma, maana kazi aliyoifanya haikuwa ya mchezo. Kiangazi kilikuwa kimekolea, vumbi limeipaka nyumba rangi ya kahawia kuanzia msingi mpaka chini ya bati. Mumewe dereva wa malori, huyo akirudi ni mgeni wa kulala na kuondoka. Basi mama wa watu akajifunga kibwebwe peke yake. Alipanda ngazi akazoa mifereji ya bati, akatoa majani yaliyooza na kiota kizima cha ndege. Alisugua ukungu ukutani mpaka kucha zikalainika. Nyavu za madirisha alizing'oa, akazipiga maji, akazirudisha. Na mwanawe Kibonge, mtoto wa miaka mitatu mwenye mashavu kama maandazi, alikuwa nyuma yake kutwa na kibeseni chake cha buluu, akichota maji machafu na kumwogesha paka ambaye hakuomba kuoga.

Ikabaki kona ya nyuma, kati ya nguzo ya kamba ya nguo na ukuta wa jirani. Pale kulikuwa na kitanda cha chuma kuukuu, kutu tupu, magugu yamekitambalia mpaka hujui kama ni kitanda au ni kichaka chenye miguu. Mama mkwe alifagia uwanja mzima kila kukicha, lakini pale hapagusi. Mama Kibonge alipoolewa aliambiwa mara moja tu, "Pale paache kama palivyo." Akauliza kwa nini. "Paache tu." Alipomuuliza mumewe, mume akacheka. "Hata mimi nimekua nikikatazwa. Labda ni kitanda cha ujana wake, anakionea wivu."

Basi jana yake alipafyeka. Fundi rangi, jirani mwenye mdomo usiofungwa, aliruka ukuta akamsaidia kukiburuta kitanda mpaka nje ya geti, wakakiacha kando ya njia wakichukue wanaookota vyuma.

"Shemeji," fundi rangi alisema akijipangusa jasho, "bi mkubwa akirudi, mimi sikuwepo. Sikujui. Hata hapa sikai."

Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Asubuhi hii Mama Kibonge alipafagia tena ile kona, mistari ya ufagio ikalala sawasawa kama nywele zilizochanwa. Kisha maji yote ya kuoshea kuta akayamwaga huko, ndoo baada ya ndoo. Akapenda alivyoona. Kwingine maji yalitangatanga na kutuama, lakini pale yalizama mara moja, gluu, kama yameitwa. "Ardhi ina kiu hii," alisema, akaenda kuleta ndoo nyingine.

Ndiyo maana sasa alivyomwona mama mkwe amejibanza nje, alijua ni kitanda. Amekikuta njiani, ameudhika. Alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi ndipo simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa namba ya mama mkwe, aliye nyuma ya ukuta pale pale.

"Mama, karibu, mbona umesimama…"

"Nyamaza." Sauti ilikuwa ya chini, imejaa pumzi. "Usinitaje. Usiseme mama wala bibi. Mtoto yuko wapi?"

"Anacheza huko nyuma. Kama ni kitanda, tutakirudisha, mimi nilidhani…"

"Amekaa au amesimama?"

Mama Kibonge akageuza shingo. "Amekaa."

"Ahsante Mungu. Sasa nisikilize, na usipige kelele. Ulipotoa kitanda pana shimo. Choo cha zamani, kirefu. Marehemu baba mkwe wako alikifunika kwa magogo na mabati, akatia udongo juu, mumeo hata hajazaliwa. Magogo yale sasa ni unga. Kitanda ndicho kilichokuwa uzio wake."

Mama Kibonge akafungua mdomo amwite mtoto.

"Usimwite," sauti ikaendelea. "Ukimwita anakimbia, unamjua. Na mimi akiniona anakuja mbio."

Hilo halikuhitaji maelezo. Kibonge akiitwa na mama yake hukimbilia upande mwingine akicheka, afukuzwe. Lakini akisikia sauti ya bibi yake huacha chakula, huacha viatu, huja mbio zote na mwisho huruka kwa miguu miwili amwangukie kifuani. Bibi mwenyewe ndiye aliyemzoesha. Ndiyo sababu mwanamke huyu mwenye magoti mabovu alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta wa nyumba yake.

"Ni wapi hasa?" akanong'ona.

"Sijui! Umeondoa kila kitu, uwanja mtupu kama kiganja. Ni kati ya nguzo na ukuta, lakini linaanzia wapi, linaishia wapi, sijui. Nilikuwa naangalia kitanda."

Mama Kibonge akatazama. Uwanja wote ulikuwa mkavu, mweupe kwa jua. Pale kwenye kona kulikuwa na duara moja jeusi, bado bichi, mahali ardhi ilipokunywa maji. Na katikati ya duara lile, akipikapika matope kwenye kibeseni cha buluu, alikaa mwanawe.

"Mimi najua ni wapi," alisema.

Akakumbuka asubuhi. Alipita pale na Kibonge kiunoni, akifagia kwa mkono mmoja huku akiimba, na chini ya kisigino ardhi ilikuwa inalia ndu, ndu, kama ngoma iliyofunikwa nguo. Alidhani ni udongo mgumu.

"Ngazi ipo?" mama mkwe aliuliza.

"Ipo."

"Ilaze chini. Nenda juu yake kifudifudi, usisimame. Ukisimama mnaondoka wote wawili."

Akaweka simu barazani. Akaishusha ngazi kutoka ukutani, polepole, kama anayelaza mgonjwa. Akaiburuta mpaka pale mistari ya ufagio ilipoanza kuwa na giza la maji, akaisukuma mbele mpaka ncha yake ikafika hatua moja kutoka kwa mtoto. Kibonge hata hakuinua uso.

Hapo kichwa cha fundi rangi kikachomoza juu ya ukuta, kofia ya gazeti na madoa ya chokaa.

"Shemeji! Nyumba inang'aa mpaka macho yanauma! Ukimaliza hamia kwangu." Kisha akaona ng'ambo ya geti. "Eh! Bi mkubwa! Unajificha nini tena? Kibonge! Kibonge, bibi yako huyu hapa, amejificha!"

Mtoto akasimama.

"Bibi?"

Akageuka huku na huku, akitafuta. Akaanza kurukaruka pale pale kwa furaha, na kila aliporuka Mama Kibonge aliona maji ya kwenye matope yanatetemeka. Kutoka nyuma ya ukuta ikaruka kandambili moja, ikampata fundi rangi sikioni. Alifungua mdomo alalamike, akaona uso wa bi mkubwa, akaufunga. Labda ndiyo mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Bibi yuko wapi?" Kibonge akapiga hatua moja.

Mama Kibonge hakumwita. Alijitupa juu ya ngazi kifudifudi, akatanua mikono na miguu, akatoa ulimi, akatingisha kichwa juu chini kama mjusi kwenye jua.

Mtoto akaduwaa. Kisha akaangua kicheko.

"Mama mjusi!"

Akakaa tena chini kwa kishindo, pwaa, ili atazame vizuri. Na ardhi ikatoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mzima anayejigeuza kitandani.

Mama Kibonge akatambaa. Vidato vya ngazi vilimkata mbavuni na magotini, hakuvisikia. Alichosikia ni harufu, iliyopanda sasa, nzito na baridi, harufu ya kitu kilichofungiwa miaka mingi. Mbele ya vidole vyake ufa mwembamba ulikuwa umetoka, unatembea kama sisimizi, unampita Kibonge kwa nyuma. Punje za udongo zikaanza kudondoka humo. Alisubiri kuzisikia zikifika. Hazikufika upesi.

Akanyoosha mkono. Bado kidogo. Kidole kiligusa ukingo wa beseni, si mtoto.

"Mjusi anataka beseni," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Langu!" Kibonge akalikumbatia kwa mikono miwili.

"La mjusi."

"La-ngu!"

Mwanawe alikuwa bahili wa beseni lile kuliko kitu chochote duniani. Kila siku ilikuwa vita kumnyang'anya wakati wa kulala, na kila siku Mama Kibonge alilalamika, huyu mtoto amerithi ukaidi wa kwao. Sasa alikamata ukingo kwa vidole vinne, akauma meno, akavuta kwa nguvu zake zote. Kibonge hakuachia. Alikuja nalo, akiburuzwa kwa tumbo juu ya matope, akipiga kelele za hasira, mpaka mkono wa mama ukampata kwapani.

Ndipo nyuma yake duara lote jeusi likashuka.

Halikupasuka kwa kishindo. Lilizama tu, kama utando wa maziwa unapobonyezwa kwa kijiko, na pale palipokuwa na ardhi pakawa na giza. Ncha ya ngazi ikainama shimoni. Mama Kibonge akajikuta kichwa kiko chini kuliko miguu, mtoto amembana kifuani, anateleza kwenda mbele.

Kisha ngazi ikakita, ikatulia. Akageuza shingo. Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili wa ngazi, mguu mmoja hauna kiatu, amejibwaga juu ya vidato kwa mwili wake wote. Fundi rangi alikuwa ameruka ukuta, amemshika Mama Kibonge vifundo vya miguu.

"Vuta!" mama mkwe alisema. "Wewe mdomo, vuta!"

Wakawavuta. Kibeseni cha buluu kilibaki ukingoni, kikayumba, kikaenda. Walisikiliza wote. Kibonge ndiye aliyesikia kwanza kikifika, akaanza kulia upya.

Barazani, alipoona uso wa bibi, kilio kikakatika. Akachomoka mikononi mwa mama yake, akamrukia kifuani na matope yake yote.

"Ulijificha!"

"Nilijificha, mume wangu. Nilijificha."

Fundi rangi alikwenda mwenyewe nje ya geti kukirudisha kitanda, bila kuambiwa, bila utani. Mama Kibonge alikaa chini kwenye saruji.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilikwambia uache."

"Hukuniambia kwa nini."

Mama mkwe alikuwa anamfuta mtoto masikio kwa pindo la kanga, ingawa yalishakuwa safi. "Bi harusi mgeni, nimwambie nyuma ya dirisha lako pana kaburi lililofunikwa kwa vijiti? Ungekaa? Ungemchukua mume, na huyu angezaliwa kwingine."

Mama Kibonge alijua ni kweli.

"Ningeondoka," alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Tungeondoka wote, na wewe pia."

Mama mkwe alimbeba mjukuu, akaingia naye ndani, akichechemea na ndala moja.

Jioni majani yalianguka tena uwanjani, na ufagio ulibaki pale ulipoegemezwa. Mama Kibonge aliinuka aingie ndani. Alinyanyua mguu, akausitisha hewani. Akagonga kwanza kwa kisigino, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Hapo ni saruji, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka dirishani.

"Najua, Mama."

Akagonga tena.