Koti Lisilo na Mwenyewe

Jumanne ya pili ya Machi mwaka 1995, saa nne asubuhi, Bonface aliegemeza baiskeli ya mradi wa kuhesabu kaya kwenye ua wa minyaa huko Magunga, akavua kibanio cha suruali, akaketi kwenye kigoda alichopewa na kuuliza swali la kumi na saba. Swali hilo liliuliza hali ya ndoa ya mama wa nyumba. Majibu yalikuwa matano na kila jibu lilikuwa na namba yake: moja, hajaolewa, mbili, ameolewa, tatu, mjane, nne, amerithiwa, tano, amehama au amefariki. Karani alitakiwa kuzungushia kiduara namba moja tu.

Roselyn alikuwa akianika mtama kwenye mkeka. Hakuinua kichwa.

"Andika tatu," alisema. "Mwaka jana si uliandika tatu? Sijahama hapo."

Bonface akazungushia tatu. Yeye ni mzaliwa wa Uriri, na Roselyn ni binti wa Uriri aliyeolewa Magunga. Hapo kwa mumewe watu walimwita nyar Uriri, kwa hiyo karani huyu, naye wuod Uriri, yaani mwana wa huko, alikuwa kama ndugu yake, na kila mara alipofika alipewa uji kabla ya maswali. Mume wa Roselyn alikuwa amekufa mwishoni mwa mwaka 1993, amekonda hadi pete ikamtoka kidoleni yenyewe. Shemeji yake, Fanuel, alisubiri siku zilizostahili, kisha akaja kutaka kumrithi jinsi ilivyo desturi. Roselyn alikataa. Alisema ugonjwa uliommaliza mumewe alikuwa ameuosha kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba Fanuel naye alikuwa ameanza kulegea mashavu. Alisema pia kwamba hata kama Fanuel angekuwa mnene, jibu lingekuwa hilohilo.

Kukataa huko kulikuwa na gharama moja, nayo ilikuwa juu ya kichwa chake. Paa la nyumba yake lilikuwa la nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza. Hakuna mwanamume wa boma lile ambaye angepanda juu ya nyumba ya mjane asiyerithiwa, maana ni mwiko. Tumaini lake lilikuwa mradi. Wafadhili walikuwa wamesema kwamba baada ya hesabu ya mwaka huo, kila mjane aliyemaliza mwaka bila kurithiwa angeletewa mabati ishirini na fundi wa kutoka mbali asiyejua miiko ya mtu. Roselyn alitaka paa bila mwanamume. Hakutaka kitu kingine chochote kwa mradi, wala kwa ukoo.

Kaya zilizotembelewa zilikuwa mia nne na kumi na mbili, kutoka Uriri mpaka Magunga, mara moja kila mwaka. Fomu zote zilipelekwa Homa Bay, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la dawa, ambako bwana mmoja aitwaye Wangwe aliziingiza kwenye kompyuta. Wangwe alitoka Kegonga, hakujua Dholuo hata neno la salamu, na hakuwahi kukanyaga Magunga. Kazi yake ilikuwa kutafuta jinsi wanawake wanavyohama kutoka hali moja kwenda nyingine mwaka hadi mwaka. Kanuni aliyotumia ilisema kwamba ukitaka kujua mtu atakuwa wapi mwakani, inatosha kujua yuko wapi mwaka huu. Ya nyuma yote hayana kazi. Waliotunga kanuni hiyo bila shaka walikuwa na akili nyingi na hawajawahi kufiwa.

Mwezi wa Aprili modeli, yaani hesabu hiyo ya Wangwe kwenye kompyuta, ilikataa kutulia. Wangwe aliiwasha asubuhi, ikahesabu, namba ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, mpaka umeme ukakatika. Ikawa hivyo wiki tatu.

Wiki hizo tatu kaya mia nne na kumi na mbili hazikutulia pia. Wanawake walibeba majembe kwenda shambani, wakafika nusu ya njia, wakarudi. Ng'ombe hawakulala, walisimama zizini wakibadilisha miguu. Sufuria zilihamishwa kutoka jiko hili kwenda lile kabla maji hayajachemka. Kanisani Magunga waliimba ubeti wa kwanza mara sita Jumapili moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvuka kwenda wa pili, mwishowe mchungaji akatoa baraka na watu wakaondoka wakitazama nyuma. Bonface mwenyewe alizuru kaya moja mara mbili kwa siku moja na kupewa majibu tofauti. Goti lake lilitikisika chini ya meza usiku na mchana. Watu walisema ni mvua imechelewa.

Wangwe aliipata sababu siku ya Alhamisi. Katika fomu za mwaka uliopita kulikuwa na wajane thelathini na mmoja. Baada ya mwaka, thelathini kati yao walikuwa wamerithiwa, au wamehama, au wamezikwa. Mmoja tu alikuwa mjane mwaka uliopita na bado ni mjane mwaka huu. Mtu mmoja katika kisanduku kizima cha jedwali ni mchache mno, na modeli ilikuwa ikimzunguka bila kujua imweke wapi. Wangwe akafanya wanavyofanya wenzake wote katika hali kama hiyo: akaandika sifuri kwenye kisanduku hicho na kukifunga. Kuanzia hapo, kutoka mjane kwenda mjane hakukuwezekana. Saa nane na dakika kumi mchana, kompyuta ikatulia.

Saa nane na dakika kumi, ng'ombe wa Magunga walilala. Wanawake waliokuwa njiani walifika walikokuwa wakienda. Goti la Bonface likaacha. Na ndani ya nyumba ya Roselyn, kwenye msumari ulio juu ya kitanda, kulikuwa na koti la kiume.

Lilikuwa koti la kahawia, limekosa kifungo cha pili kutoka juu, mifuko mitupu. Halikunuka jasho wala tumbaku. Lilinuka karatasi mpya. Roselyn alilitazama, akaelewa maana yake kama ambavyo mwanamke yeyote wa pale angeelewa, kwa sababu anayerithi mjane huja na koti lake na kulitundika ndani. Alilishusha, akalikunja na kulipeleka kwa Fanuel.

"Shemeji, chukua koti lako."

Fanuel aliligeuza pande zote. "Hii si yangu. Yangu iko na kola." Kisha akaongeza, akiwa ameumia kidogo, "Kumbe ulikuwa na mtu. Si ungesema tu?"

"Sina mtu."

"Na hii ni nini?"

Roselyn alilitupa chooni, na asubuhi likawa msumarini, kavu. Alilichoma pamoja na mabua ya mahindi. Likarudi. Alilivisha kijiti katikati ya mtama ili lifukuze ndege. Lilikaa huko mpaka saa sita, ndege wakalipuuza, na aliporudi nyumbani alilikuta limetangulia. Siku ya tano aliung'oa msumari. Koti likaning'inia pale pale ukutani bila msumari, na kwa kuwa hilo lilimkera zaidi, aliurudisha.

Wanaume wa boma walikutana na kuamua kwamba koti ni koti. Nyar Uriri alikuwa amerithiwa, na nani alikuwa nani hayakuwa maneno ya kuulizana mbele ya watu. Wakaanza kumsalimia upya.

"Mwenyewe hajambo?"

"Mwenyewe ni mimi," alijibu Roselyn.

Walicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa shemeji.

Mwezi wa Mei upepo ulishuka kutoka upande wa Ruma na kubeba nyasi za nusu ya paa. Roselyn aliona angalau hapo lile koti lingekuwa na faida, maana mwiko ulikuwa umekwisha. Akaenda kuwaomba wanaume waje kuezeka. Mwaka uliopita walikuwa wamesema hawawezi kupanda juu ya nyumba ya mjane. Sasa walisema hawawezi kupanda juu ya nyumba ya mwanamume mwingine bila yeye mwenyewe kuwaita.

"Mwambie mwenye koti aezeke," alisema Fanuel. Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefuata utaratibu.

Lori la mabati lilifika Magunga mwishoni mwa Juni. Dereva alikuwa na orodha kutoka Homa Bay, yenye kichwa cha habari, sahihi na mhuri. Chini ya kichwa cha habari hakukuwa na jina hata moja. Alikaa nusu saa kwenye kivuli cha lori, akanywa soda, akageuza na kuondoka na mabati yake. Roselyn alisimama kando ya barabara mpaka vumbi likaisha. Alipofika nyumbani aliulizwa na binti yake, Lynnet, kama mabati yamekuja, akamwambia ale chakula.

Bonface alipopata habari, aliendesha baiskeli mpaka Homa Bay. Alimkuta Wangwe akisafisha vitufe vya kompyuta kwa pamba.

"Huyu mama anasema ni mjane," alisema Bonface.

"Najua anasema. Lakini jibu ni kitu moja na hali ni kitu ingine. Hali yenyewe huwezi kuona. Ndiyo maana inaitwa hali fiche. Sisi tunaona majibu tu, halafu modeli inatuambia kilicho nyuma yake."

"Mimi nimeona. Nimekaa kwake nikanywa uji. Hakuna mwanaume hapo."

"Koti umeona?"

Bonface alikuwa mtu mkweli, jambo ambalo halikuwahi kumsaidia. "Nimeona."

"Sasa?" Wangwe alimwonyesha karatasi yenye matobo pembeni. "Angalia huyu wako. Anajibu tatu, lakini uwezekano wa kuwa nne ni asilimia tisini na nne. Amekosea kujibu. Watu hukosea."

"Na hiyo sita imebaki?"

"Hiyo ni ya kuwa amehama ama amekufa."

"Ya kuwa mjane?"

"Sifuri. Nimeifunga."

"Ifungue."

Wangwe hakuwa mtu mbaya. Alimwangalia Bonface, akaona alivyoloa jasho la safari, akaifungua. Kompyuta ikaanza kuhesabu. Namba ikapanda, ikashuka. Nje, mwanamke aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliinua beseni lake, akaliweka, akaliinua tena. Mlinzi alifungua lango, akalifunga, akalifungua. Wateja wa duka la dawa walianza kubadilishana nafasi kwenye foleni. Goti la Bonface likaanza kugonga mguu wa meza, na Wangwe mwenyewe akasimama, akakaa, akasimama.

"Hizi ni kaya mia nne na kumi na mbili, Bonface," alisema. "Unataka ziwe hivi kwa sababu ya mama mmoja? Na ripoti inatakiwa Ijumaa?"

Bonface alilikandamiza goti lake kwa mikono miwili. Wangwe akarudisha sifuri. Yule mwanamke aliweka beseni chini na kuanza kupima omena. Bonface alihisi raha ikimpanda kutoka kwenye goti mpaka kifuani, raha tamu kabisa, akaona aibu kwa kuwa na raha hiyo, na akapanda baiskeli kabla haijaisha. Mabati, wakati huo, yalikuwa yameshapigiliwa nyuma ya ofisi kuwa banda la baiskeli za makarani.

Mzunguko wa nne wa hesabu ya kaya ulianza Machi 1996. Njiani kwenda kwa Roselyn, Bonface alipita kwenye nyumba tisa za wanawake waliofiwa mwaka mmoja au zaidi na kukataa kurithiwa. Karibu kila nyumba ilikuwa na koti ukutani. Moja lilikuwa la mvua, jingine la suti, na mama wa nyumba ya saba alikuwa amepata kofia tu, akaona amedhulumiwa. Wote walimwambia aandike tatu.

Kwa Roselyn mvua ilikuwa ikinyesha ndani karibu sawa na nje. Alikuwa amepanga beseni, sufuria na karai sakafuni, na alizihamisha kila mara kwa kuwa matone hayakukaa mahali pamoja. Sehemu kavu ilikuwa moja tu, chini ya koti. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na hapo, kwa amri ya Roselyn, na kilikuwa kimeloa. Lynnet alikuwa ameketi sakafuni chini ya koti akifanya hesabu za shule, kwa sababu hapo daftari halikuloa, na mama yake alikuwa amekubali kwa ajili ya daftari peke yake.

Bonface alifungua fomu chini ya mwavuli. "Dada, swali la kumi na saba."

"Tatu."

Akazungushia tatu. Wote wawili waliinama kutazama. Kiduara kilikaa kidogo, kisha kikaanza kutambaa kama kupe aliyeshiba, kikashuka mstari na kuizunguka nne. Kikatulia hapo.

"Swali la kumi na nane linauliza mkuu wa kaya anafanya kazi gani," alisema Bonface kwa sauti ndogo.

"Hatujamaliza la kumi na saba. Andika tena."

"Itahama."

"Nimeiona ikihama. Mimi sijahama. Andika."

Akaandika. Kikahama. Akaandika mara ya tatu, ya nne, ya saba, mpaka viduara vikajaa juu ya nne vikaonekana kama fundo, na tatu ikabaki nyeupe, safi, kana kwamba haijawahi kuguswa na mtu. Kwenye duara la kumi na moja biro ikakauka. Bonface aliitikisa, akaipuliza, akamwonyesha kwamba imekwisha. Alidhani ataruhusiwa kwenda.

Roselyn aliondoa sufuria iliyojaa, akaweka karai mahali pake. Akapita mpaka chini ya koti bila kuliangalia, akachukua penseli mkononi mwa Lynnet, akamletea.

"Shika hii, wuod Uriri."

Bonface akaishika, akazungushia tatu. Kiduara cha penseli kilienda taratibu kuliko cha wino, lakini kilifika. Roselyn akavuta kigoda, akaketi mbele yake, matone yakimdondokea begani.

"Tena," alisema.