Kipimo cha Chini

Thobias alifika mtoni Mgeta akiwa hoi, sanduku la mita ya mkondo, kifaa cha kupimia kasi ya maji, mgongoni. Alikuwa mpimaji wa mito kutoka Morogoro mjini. Mama Filomena, mwanakijiji aliyesoma kina cha mto kila asubuhi, alimkuta darajani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Si ulishamaliza kupima?”

“Sikumaliza. Nilidanganya.”

Akamweleza. Kila mahali alipaswa kuteremsha mita mara mbili, karibu na uso wa maji, kisha karibu na sakafu ya mto, na kuhesabu mizunguko ya pangaboi dogo la mita linalozungushwa na maji. Lakini kubeba uzito wa madini ya risasi wa kuizamisha mita kulimvunja mabega. Basi kwa miaka miwili alipima juu tu, na chini akaandika tarakimu ileile. Wiki iliyopita aliona ofisini mchoro wa kinu cha kijiji hiki, cha kusagia nafaka kwa nguvu ya maji, umejengwa juu ya tarakimu zake.

Mama Filomena aligeukia rundo la mawe ukingoni.

“Tumebeba mawe ya msingi tangu Juni. Wanawake, na watoto mgongoni.”

“Najua, mama.”

“Hujui.” Akachukua daftari. “Teremsha. Mimi naandika.”

Walifanya kazi hadi jua likapinda. Juu, mizunguko arobaini na moja. Chini, kumi na saba. Juu, thelathini na nane; chini, tisa. Katikati ya mto, penye mawe makubwa, pangaboi lilikuwa kama limelala. Walipojumlisha, maji yalikuwa pungufu ya tarakimu zake za zamani kwa theluthi nzima.

“Kinu kisingezunguka kiangazi,” Thobias alisema.

“Kisingezunguka,” mama alijibu, akaondoka bila kuaga.

Ofisini, mhandisi wa kinu, Ndugu Andrea, aliisoma barua ya Thobias ya kukiri akiwa amesimama.

“Ungenyamaza, nani angejua?”

“Wanakijiji wangejua, Oktoba, mto ukipungua.”

Kinu kilihamishiwa bondeni zaidi, mito miwili inapokutana. Mawe yakabebwa upya. Kwa miaka miwili zaidi wanawake walipanda na kushuka milima kutafuta mashine ya kusaga. Thobias aliondolewa kwenye upimaji, akapelekwa Gairo kutunza stoo ya vipuri vya pampu.

Huko ndiko dereva wa lori alikomwambia kwamba kinu kinasaga, hata kiangazi. Thobias alishukuru, akaketi juu ya kreti. Alidhani angefurahi zaidi. Alichokisikia ni uchovu tu, ukimtoka taratibu mabegani.