Seva za Dada

Feni za seva zilipoanza kunguruma niliruka, nikapiga teke ndoo yangu ya kudekia. Maji yakatambaa mpaka mlangoni.

"Dada, inalia!" nikasema kwenye simu.

"Iache ilie. Ikisasishwa huwa inapiga kelele hivyo. Wewe usiguse kitu."

Sikugusa kitu, lakini mikono haikutaka kutulia. Nilikunja kitambaa, nikakikunjua, nikafuta kabati nililokuwa nimeshalifuta.

Dada yangu ndiye fundi wa seva wa kliniki hii. Zipo mbili, ndani ya kabati la chuma lenye mlango wa wavu, na ndimo zinamokaa picha zote za eksirei. Mimi ni mfagiaji wa hapo hapo. Dada ni mjamzito, na daktari amemlaza nyumbani, hata ngazi moja asipande. Mimba ya kwanza ilitoka. Hii tunaibeba kama yai.

Seva zenyewe huongozwa kupitia ukurasa unaofunguka kwenye kompyuta yoyote: unaona joto, unaona feni, unazima na kuwasha. Ila toleo la zamani lilikuwa na kasoro. Seva ikiganda, ukurasa haukuweza kumwonyesha dada kilichoandikwa kwenye skrini yake, kwa hiyo ilimbidi apande ghorofa ya tatu achomeke skrini mwenyewe. Toleo jipya linaonyesha yote. Meneja wa kliniki alikuwa ameshasema: likikubali, dada afanye kazi akiwa amelala, likikataa, aje mwenyewe au atafutwe fundi mwingine. Na dada ninamjua. Angekuja.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kuweka toleo jipya yeye alikuwa kitandani na kompyuta mapajani, mimi mbele ya kabati na simu sikioni. Tuna utaratibu wetu. Kabla ya kuendelea na seva yoyote, dada hubonyeza kitufe kwenye ukurasa, na taa ndogo ya buluu humeta usoni mwa seva hiyo. Mimi nasema "naiona". Ndipo anaendelea. Neno hilo moja ndilo msaada wangu wote, na linanitosha, maana mimi si msemaji. Nyumbani wananiita Kimya.

Meneja akachungulia, kidole kimoja sikioni. "Hiki chumba kinataka kupaa? Wagonjwa huko chini wanaulizana."

Nikatazama sakafu.

"Kimya, nani huyo?" dada akauliza.

"Meneja."

"Mwambie dakika chache."

Nikamwonyesha meneja kiganja. Sijui alielewa nini. Alibaki pale pale akigongagonga kalamu mlangoni.

Dada akasema kazi ya seva ya kwanza imefika mwisho, ukurasa umepotea, sasa tungoje urudi. Tukangoja. Mngurumo wa feni haukushuka.

"Kimya."

"Abee."

"Haurudi."

"Utarudi."

"Umejuaje wewe? Haurudi huu. Nimeiua."

Nikasikia kitanda kikilia, kisha nyayo, kisha viatu vikiburutwa sakafuni.

"Ngoja, ngoja," akasema ghafla. "Umerudi! Nimebonyeza taa. Unaiona?"

Nikatazama. Uso wa seva ulikuwa mweusi. Nikainama, labda imejificha nyuma ya wavu. Hakuna taa. Na kule kwenye simu alikuwa anagonga kisigino sakafuni ili kiatu kiingie.

"Naiona," nikasema.

"Afadhali! Roho ilikuwa mkononi." Kitanda kikalia tena. "Haya, twende ya pili. Napakia faili."

Nilikuwa nimemrudisha kitandani kwa uongo, na kwa uongo huo huo alikuwa anakwenda kuigusa seva ya pili. Zikipotea zote mbili, nani angemzuia asipande ngazi?

"Dada."

"Subiri, nabonyeza."

"Dada, acha!" Kalamu ya meneja ikatulia. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu. "Usibonyeze. Nimekudanganya. Taa haiwaki."

Zikabaki feni tu.

"Kwa nini?"

"Nilisikia unavaa viatu."

"We mtoto utaniua. Hujui ningeziharibu zote mbili?"

"Nimejua sasa hivi."

"Mjinga."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi mjinga mkubwa wako. Huu ukurasa ni ule wa zamani. Kivinjari kiliuweka akiba, kinanionyesha maiti." Akawa anajisemea: naufunga, nafuta akiba, nafungua upya. "Bado. Bado. Aa, bado."

"Si tuchomoe waya tuchomeke tena?" meneja akasema, na mkono wake ulikuwa umeshafika nyuma ya kabati.

Nikamdaka mkono. Meneja! Kwa kiganja changu chenye maji ya sabuni.

"Hapana, bosi," nikasema. "Mpaka aseme yeye."

Tukasimama hivyo. Yeye alinitazama mimi, na mimi nikautazama mkono wangu uliokataa kumwachia.

"Unaomba nenosiri," dada akasema. "Ukurasa mpya, Kimya! Unaomba nenosiri!" Vidole vyake vikakimbia. Feni zikashuka, zikashuka tena, mpaka nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa changu. "Naiona skrini yake. Skrini yenyewe ya seva, iko hapa mapajani mwangu."

Meneja akauvuta mkono, akaufuta kwenye suruali. "Basi abaki huko huko kitandani. Mwambie."

Nikamwambia. Dada akacheka, akapenga kamasi, kisha akafoka. "Haya, ya pili, kabla sijaingiwa na woga."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Lala kwanza. Umekaa, nakusikia. Ubavu wa kushoto, daktari alivyosema."

"Nitaandikaje nikilalia ubavu?"

"Kwa mkono mmoja. Polepole."

Akaguna, akaniita jina baya, akaguna tena. Nikabana simu kwa bega nikangoja, mpaka niliposikia shuka linavutwa. Ndipo nikasema, "Bonyeza."